Jirani wa Kwanza wa Leeferdink

Katika miaka yake yote ya upolisi, kabla hajastaafu, Derk Wesselink alijifunza jambo moja kuhusu watu wa kijiji cha Wolderen: hujibu walichoulizwa, basi. Ukimuuliza mtu kama ng'ombe wako amepita hapa, atakwambia amepita. Kwamba alipita akiwa amefungwa kamba mkononi mwa mwizi, hilo hukuuliza. Derk mwenyewe ni mzaliwa wa hapo, na mkewe humlalamikia kila siku kwa ugonjwa huohuo.

Ijumaa ile asubuhi aliingia nyumba ya shamba la Leeferdink kwa mlango wa nyuma, kupitia zizini, kama waingiavyo watu wote. Nyuma yake alikuja mwanamke wa Kiingereza aliyevaa viatu visivyofaa, akiruka mavi ya ng'ombe kwa heshima. Huyo alikuwa Mavis Oldroyd, mwalimu wa shule ya watoto wadogo katika mji mmoja wa migodi huko Yorkshire. Alikuwa msichana wa miaka kumi mwezi Machi wa 1944, wakati kaka yake Len alipouawa. Sasa ilikuwa Machi ya 1978, na alikuwa amebakiwa na siku hiyo moja tu ya kumtetea.

Kesi yenyewe Derk aliijua kwa moyo. Ndege ya mabomu, watu saba ndani, ilitoka Uingereza kwenda Ujerumani. Juu ya Wolderen ikakutana na ndege za Kijerumani zilizokuwa zikiwinda usiku. Mwili wa ndege uliangukia shamba la Roerdink na watu sita ndani yake. Mkia ulikatika ukaangukia mbali kidogo, katika misonobari ya Leeferdink. Na mkiani ndiko alikokaa Len, peke yake katika kibanda cha kioo, na bunduki nne za rashasha mbele yake. Kazi yake ilikuwa kutazama nyuma gizani, na kumwonya rubani adui akionekana.

Ila Len hakuandikwa kuwa ameokotwa Leeferdink. Kumbukumbu za ofisi ya mji zilisema mwili wake ulitoka shamba la Garrit Bessink, ng'ambo ya mfereji, kilomita saba magharibi. Magharibi ndiko ndege ilikotokea. Wazee wa kikosi chake walipoandika kijitabu cha kumbukumbu, walijumlisha mbili na mbili: mtu aliyeanguka kilomita saba kabla ya wenzake, aliruka kabla ya wenzake. Wakaandika kwamba yaaminika mlinzi wa mkiani alimwona adui, akaruka na parachuti, asimwonye mtu. Parachuti haikumfaa, na wenzake sita wakafa bila kujua kilichowapiga.

Jumapili, watu wa Wolderen walikuwa wazindue jiwe la ukumbusho kwa Roerdink. Jiwe lilikuwa limelala kwa fundi, majina sita yamechongwa, na chini yake nafasi tupu. Hugh Ainslie, mdogo wake Robert, rubani wa ndege ile, alikuwa ameshafika na kupanga chumba katika nyumba ya wageni. Alisema waziwazi kwamba jina la saba likichongwa, yeye hatasimama pale, na jamaa wa wale watano wengine watamfuata. Kamati ya kijiji haikutaka ugomvi wa wageni. Walimpa Derk, aliyekuwa akimsaidia Mavis, mpaka jioni ya Ijumaa alete ushahidi, maana fundi hachongi Jumamosi hata umlilie.

Mama yake Len alikuwa hai bado, ana miaka themanini na mmoja. Mavis alimweleza Derk alivyoagwa na mama yake mlangoni. Hakumwambia lete habari njema. Alimwambia, kama alikimbia, niambie alikimbia, nimechoka kutojua.

Jana yake walishakwenda ng'ambo ya mfereji. Bessink alikufa zamani, mwaka wa hamsini na mmoja, na shamba lake lilikuwa mikononi mwa mfuga nguruwe mmoja kutoka pwani, mtu mwenye maneno mengi, asiyejua lolote. Aliwaonyesha bonde lenye matope akasema huenda ni hapa. Walipogeuka, akaonyesha jingine. Mavis alisimama kwenye matope yote mawili akiinamisha kichwa, na Derk aliona aibu kwa niaba ya mfuga nguruwe. Yeye mwenyewe hakuwa na kumbukumbu ya kusaidia. Mwaka ule Wajerumani walikuwa wamemchukua kufanya kazi katika kiwanda chao.

Basi lililobaki lilikuwa swali moja: nani alikuwa wa kwanza kuuona mkia, na aliuona vipi?

Hendrika wa Leeferdink, ambaye kijiji kizima humwita Shangazi Dika, alikuwa na miaka sabini na sita na mgongo ulionyooka. Aliwamiminia kahawa bila kuuliza nani anataka, akakata mkate wa zabibu kavu na kuupaka siagi mpaka ukingoni. Derk alimtambulisha mgeni wake kuwa ni mwanamke wa Uingereza anayeulizia habari za ndege. Hakusema zaidi. Ndivyo alivyofundishwa: shahidi asijue nani ana maslahi gani, asije akautia ushahidi sukari. Derk aliiamini sana kanuni hiyo, na karibu imharibie kazi.

"Shangazi Dika," alisema, "mkia wa ile ndege uliangukia kwenye misonobari yenu."

"Uliangukia."

"Wajerumani walifika saa ngapi?"

"Mchana. Tulikuwa tumeshakula."

"Walipofika, kile kibanda cha mpiga bunduki kilikuwa na mtu?"

Bibi akaondoa chembe ya mkate kwenye kitambaa cha meza, akaiweka kwenye sahani. "Hakikuwa na mtu."

"Una hakika?"

"Nilikuwa nimesimama pale na marehemu mume wangu, Toon. Ofisa wao alichungulia ndani, akasema neno, wenziwe wakacheka. Kilikuwa kitupu, Derk. Kunywa kahawa yako."

Derk alitafsiri. Angependa kutotafsiri, lakini mwanamke alisafiri kwa meli na treni aje kusikia, na kusikia ni haki yake. Mavis alikiweka kikombe chake juu ya meza taratibu. Alisema basi, aliruka. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mwalimu anayesoma matokeo ya mtoto aliyeshindwa, kisha akauliza kama kuna treni ya mchana. Derk alimhurumia mpaka akakosa pa kutazama. Aliwahi kupeleka habari mbaya katika nyumba nyingi, lakini kila mara alikuwa na kofia ya serikali ya kujifichia.

Dika alimtazama mgeni, akamtazama Derk. Alifungua mdomo kama anayetaka kuuliza neno. Kabla hajauliza, mlango wa zizini ukafunguliwa.

Aliyeingia alikuwa Bennie Roerdink, mwana wa jirani, ambaye siku za kawaida hunuka maziwa na dizeli. Leo alikuwa amevaa koti jeusi na kunyoa ndevu mpaka shavu limekuwa jekundu. Alivua kofia. Hakusalimia kwa utani wake wa kila siku, na hapo Derk akajua tayari.

"Nimetumwa na akina Wolterink," Bennie alisema. "Baba yao hayupo tena, tangu jana jioni. Maziko ni Jumanne, saa nne na nusu. Mnaombwa mfike."

Dika alisema atakuja. Aliuliza kama mzee aliteseka, akaambiwa hakuteseka sana. Akamkaribisha kahawa, Bennie akasema ana nyumba nyingine nyingi za kuzunguka na mvua inakuja. Mavis aliuliza kwa kunong'ona kuna nini. Derk akamwambia kuna mzee amefariki, huyu kijana ameleta habari.

Ndipo Mavis alipoinuka. Alikuwa na msiba wake mwenyewe mpya kabisa, wa dakika tano, na pengine ndiyo maana hakuweza kukaa akiutazama wa mwingine. Alimwendea Bennie, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia kwa Kiingereza kwamba anampa pole sana kwa kufiwa na baba.

Bennie alielewa mkono na uso, ingawa hakuelewa maneno. Akawa mwekundu kupita wembe ulivyomfanya. "Derk, mwambie mama huyu, baba yangu mzima. Yuko nyumbani anagombana na redio."

"Nitamwambia."

"Mwambie sasa hivi, asije akamwombea."

Derk akamweleza Mavis. Waliofiwa ni akina Wolterink, si akina Roerdink. Bennie ni jirani yao wa kwanza, na huku msiba ni kazi ya jirani wa kwanza. Yeye ndiye anayeosha maiti na mkewe, ndiye anayepeleka habari ofisini na nyumba kwa nyumba, ndiye anayeendesha gari la jeneza. Wenye msiba hukaa tu. Mfiwa hatoki nje kutangaza msiba wake. Ingekuwa aibu kwa majirani wote.

Mavis akaomba radhi. Akasema hakujua, mtu amekuja na koti jeusi, anatangaza kifo, mgeni yeyote angedhani kifo kimetokea kwake.

Derk alikuwa ameinua kipande cha mkate. Hakikufika mdomoni.

Mgeni yeyote angedhani. Mwaka 1944 ofisi ya mji haikuwa na mtu wa Wolderen hata mmoja. Meya wa zamani alikuwa ameondolewa, na yule aliyewekwa na Wajerumani alikuja na karani wake kutoka Rotterdam, kijana ambaye hata salamu za watu wa huku zilimshinda. Derk alimwona kana kwamba yupo mbele yake. Mkulima anaingia na koti jeusi, anavua kofia, anasema kuna maiti ya mtu wa ndege. Karani anauliza, jina lako nani, unatoka wapi? Mkulima anajibu alichoulizwa, basi.

Bennie alishaondoka. Derk akarudisha mkate kwenye sahani.

"Shangazi Dika. Wakati wa vita, jirani wa kwanza wa Leeferdink alikuwa nani?"

"Bessink."

"Si Roerdink? Roerdink ndio hawa hapa, unawaona dirishani."

"Roerdink ni karibu kwa miguu. Jirani wa kwanza ni Bessink, tangu enzi za babu yake Toon. Shamba lao lilikuwa hapo penye mtaro, mpaka Wajerumani walipowatoa ili waweke taa zao kubwa za kutafutia ndege. Wakahamia kwa shemeji wa Garrit, ng'ambo ya mfereji." Akaona Derk anavyomtazama, akaudhika kidogo. "Nyumba ndiyo iliyohamishwa, Derk. Ujirani haukuhamishwa. Wewe umekulia wapi?"

"Nimekulia hapa. Nimekuwa mjinga tangu juzi tu. Niambie, nani aliyekwenda ofisini kutoa habari ya yule mpiga bunduki?"

"Bessink. Ulitaka aende nani? Sisi ndio tuliokuwa wenye msiba."

Saa ya ukutani iliendelea na mambo yake. Derk alisubiri mpaka akawa na hakika sauti yake itatoka sawasawa, maana alikuwa amefurahi na alitaka kulia, na polisi mstaafu hafanyi yote mawili mbele ya shahidi.

"Maiti alikuwa humu ndani?"

"Pale." Dika alionyesha kwa kidevu mlango wa chumba cha mbele. "Siku mbili."

"Umeniambia kibanda kilikuwa kitupu."

"Umeniuliza Wajerumani walikuta nini. Walikuta kitupu. Toon alishamtoa kwa shoka, alfajiri." Akamgeukia Mavis. "Na huyu ni nani hasa? Umesema anaulizia ndege. Wako wengi wanaoulizia ndege, wanapiga picha misonobari yangu na kuniuliza kama nina kipande cha bati cha kuwauzia. Maiti ya nyumbani kwangu siwapi wapita njia."

"Ni dada yake."

Dika alimtazama Mavis kwa muda mrefu. Kisha akamwambia Derk, bila kuinua sauti, kwamba alipaswa kusema tangu walipoingia zizini. Kwamba amempokea mwenye maiti jikoni kama mchuuzi wa vifungo, kwa sababu ya upumbavu wa polisi. Derk alikubali.

Alikuwa bado polisi, hata hivyo. Shahidi mmoja, tena mwenye huruma, tena baada ya miaka thelathini na nne, Ainslie angemrarua. Akamwomba Mavis asiseme neno wala kutikisa kichwa, hata asikie nini. Akamwomba Dika asimulie tangu mwanzo, pole pole, naye akawa anatafsiri sentensi moja moja.

Dika alisimulia huku mikono yake imetulia mezani. Walisikia bunduki angani, nyingi, za aina mbili. Kisha miti ikavunjika. Toon alikwenda na taa akakuta mkia umekaa juu ya matawi kama kiota kilichodondoka, karibu wima. Mtu alikuwa ndani, amekaa kitini, mikono bado ipo kwenye bunduki. Risasi zilikuwa zimemwingia kifuani mara mbili. Toon aliwahi kuwa askari wa rashasha mwaka wa arobaini, katika zile siku chache ambazo nchi ilipigana. Alinusa mapipa. Alimwambia mkewe, huyu amepiga, amepiga mpaka ameshindwa.

"Parachuti je?" Derk aliuliza.

"Ilikuwa imefungwa. Haikuwa mwilini mwake, ilikuwa imetundikwa nyuma ya mgongo wake, nje ya kimlango chake, upande wa ndani ya ndege. Toon alilazimika kuiondoa kwanza ndipo apate pa kupiga shoka. Ilikuwa kama imetoka dukani." Alisita. "Tuliiweka jenezani chini ya kichwa chake. Wangeikuta humu ndani wangetupiga risasi, na mto tulikuwa hatuna wa ziada."

Toon alikwenda kumfuata Bessink kwa baiskeli kabla hakujakucha, na amri ya kutotembea usiku ikiwapo. Alipita mbele ya nyumba nne za watu bila kubisha hodi, kwa sababu hawakuwa jirani wa kwanza. Bessink na mkewe wakaja. Wanawake wawili wakamwosha. Dika akatoa kwenye kasha lake la arusi shati la maziko alilomfumia mumewe kabla hawajaoana, kama wafanyavyo wanawake wa huku, akamvika mgeni. Siku ya pili Bessink akafunga farasi, akampeleka kanisani penye wenziwe sita, Wajerumani wakawazika pamoja.

"Nimeogopa siku zote," Dika alisema. "Nilijua siku moja watu wake watakuja kuniuliza, nani aliwapa ruhusa ya kumgusa."

Derk hakulitafsiri hilo bado. Alikuwa na swali la mwisho, na hakutaka kulisukuma upande wowote. Akauliza tu kama, wakati wa kumwosha, waliona kitu chochote.

Dika akafikiri. "Alikuwa kijana msafi. Ila palikuwa na uchafu hapa, begani nyuma, mstari wa rangi ya bluu kama wino. Nilisugua. Nikachukua sabuni nyingine, ile nzuri niliyokuwa nimeificha. Mke wa Bessink akasema acha, utamuumiza. Haukutoka, nikaona haya kumpeleka kwa Mungu vile."

Safari hii Mavis hakuweza kutii. Alikuwa ameufunika mdomo, na machozi yalimpita vidoleni. Alimweleza Derk kwa vipandevipande. Haukuwa uchafu. Len aliingia mgodini akiwa na miaka kumi na minne. Mwaka wa pili dari ya mgodi ilimwangukia, jeraha likapona na vumbi la makaa ya mawe likiwa ndani. Wanaume wa kwao wengi wanazo alama hizo, za bluu, hazitoki maisha. Mama yao naye alisugua.

Derk akamtafsiria Dika. Bibi aliinuka, akazunguka meza, akamkalisha Mavis upya na kumwekea mkono mgongoni, pale pale begani, akauacha hapo. Hawakuwa na lugha moja na hawakuihitaji.

Baadaye Mavis aliuliza kama nyumba ina simu. Alitaka kumpigia mama yake saa hiyo hiyo. Dika akauliza kinachosemwa, akaambiwa, akatikisa kichwa.

"Mwaka ule alipelekewa habari na nani?"

Mavis alisema ilikuwa telegramu.

"Telegramu si jirani," alisema Dika. "Basi mama yake hajaambiwa bado. Na wewe huwezi kumwambia, mwanangu. Wewe ndiye mwenye msiba. Derk, tafuta mtu."

*

Hugh Ainslie alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye adabu iliyopigwa pasi. Derk alimkuta katika chumba cha mbele cha nyumba ya wageni akinywa chai ambayo ni dhahiri haikumpendeza. Mavis alikaa mbali, karibu na jikoni, kwa ombi la Derk.

Alimpa ushahidi kama ambavyo angempa hakimu. Kwanza habari ya Bessink na ujirani. Alikuwa ameshapita ofisi ya mji, ambako mpwa wake alimtolea karatasi ya asili: palipo na jina la shamba, karani ameandika tu kwamba taarifa imeletwa kutoka huko. Neno la kuokotwa liliongezwa na waliokuja kunakili baada ya vita. Kisha habari ya Dika, ya kitini, mikono, risasi mbili, na alama begani.

Ainslie alisikiliza. Alisema anamheshimu bibi huyo, lakini mzee mwenye huruma akikaa na dada wa marehemu meza moja, atakumbuka lolote.

"Alama ya begani alikumbuka kabla hajajua Len alikuwa mchimba makaa," alisema Derk. "Mimi mwenyewe sikuwa najua hiyo alama. Nimeshakaa na waongo wengi, Bwana Ainslie. Mwongo hukupa kitu kinachompamba. Huyu amenipa aibu yake ya sabuni."

Ainslie akazungusha kikombe. "Parachuti. Alisema ilikuwa wapi?"

"Nyuma ya mgongo wake, nje ya kimlango, imetundikwa upande wa ndani ya ndege."

"Rudia."

Derk akarudia, pamoja na Toon kuiondoa kwanza ili apate pa kupiga shoka. Ainslie akaweka kikombe chini. Baada ya vita, alisema, yeye mwenyewe alilitumikia jeshi la anga miaka sita, fundi wa ndege. Watu wote hudhani mpiga bunduki alikaa na parachuti yake mwilini. Kibandani mwao hapakuwa na nafasi. Ilitundikwa pale hasa, na ili uipate ilikubidi ugeuze kibanda, ufungue mlango, unyooshe mkono kuifuata. Hakuna bibi wa shamba angeweza kulitunga hilo.

"Haikuguswa?"

"Ilikuwa kama imetoka dukani."

Mzee yule alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Alisema mama yake aliishi miaka ishirini baada ya vita, na kila Krismasi aliuliza kwa nini hakuna aliyemwonya Robert. Kile kijitabu kilipotoka, alikuwa ameshakufa. Yeye Hugh alikishika kama mtu anayezama, kwa sababu kilimpa jibu, na jibu lilikuwa na jina. Derk alimsikia na hakumchukia hata kidogo. Wafiwa wengi aliowajua walimtafuta mtu wa kumlaumu kabla ya kutafuta jeneza.

"Kumbe alimwonya," alisema Ainslie. "Alimwonya kwa bunduki zenyewe. Robert lazima alisikia." Akavaa miwani. "Nitakwenda kwa fundi mwenyewe. Nitamwambia jamaa wengine pia."

"Fundi atangoja mpaka saa kumi na moja," Derk alisema. "Kuna kazi nyingine kabla ya hiyo."

Akamweleza kazi hiyo: kumpelekea mama yake Len habari ya mwanawe, kama jirani. Ainslie alimsikiliza akiwa hana hakika kama anataniwa. Alisema yeye si jirani wa akina Oldroyd. Hajawahi kukanyaga mji wao, na kwa aliyoyasema juu yao, yeye ndiye mtu wa mwisho wanayetaka kumsikia. Derk akamjibu kwamba kwa watu wa huku, jirani wa kwanza hachaguliwi kwa kupendwa. Ndege ile ilikuwa na watu saba, na aliyekuwa akisikiliza sauti ya Len ni Robert. Robert hayupo, basi kazi imerithiwa.

Ainslie aligeuka kumtazama Mavis. Mavis alikuwa amesimama karibu na simu ya ukutani, mkono mmoja juu yake. Alizungusha namba, akasubiri, akasema tu mama, kuna mtu ana neno la kukwambia, kisha akamnyooshea Ainslie mkonga wa simu.

Alikwenda. Alijitaja jina lake lote, na jina la kaka yake. Ainslie akakohoa.

"Bibi Oldroyd, nimetumwa kukupa habari ya mwanao. Alikuwa mahali pake. Alipiga mpaka mwisho, alifia kwenye kiti chake. Hakuruka. Nilisema vibaya juu yake, na nilikosea."

Sauti nyembamba ikasikika, haikueleweka. Ainslie akasikiliza, akapepesa macho.

"Ndiyo, mama," alisema. "Nitarudia."

Bibi Oldroyd huenda hakusikia vizuri. Huenda alisikia, akataka kusikia tena. Ainslie akarudia yote tangu mwanzo, safari hii kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, na alipomaliza akaombwa tena, akarudia.